Majani ya nyanya yanaungua kuanzia chini: kabla ya kununua dawa nyingine, ligeuze jani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina mashina 20 hivi ya nyanya nyuma ya nyumba hapa Arusha, mengine kwenye tuta kando ya ukuta, mengine kwenye viroba. Tangu mwanzo wa Mei majani ya chini yanatoka madoa ya kahawia, yanakuwa njano, yanakauka, na sasa ugonjwa unapanda juu. Jirani anasema ni ukungu. Dukani walinipa unga wenye mankozebu na metalaksili, nikawa napiga kila baada ya siku tatu. Haikusaidia, wakaniongezea dawa ya wadudu ya profenofosi nichanganye humo humo. Sasa hata majani ya juu yameungua kingo, na mashina mawili yamekunjamana majani na hayakui. Kumwagilia namwagilia kwa mpira kila jioni nikitoka kazini. Nimeambiwa nijaribu pia maziwa na majivu. Huu ni ugonjwa gani, dawa yake nini, na nyanya zilizoanza kuiva tunaweza kula?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa linahusu afya ya watakaokula, hasa kama nyumbani kuna watoto. Nyanya hizo msizile kwa sasa. Profenofosi ni sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya binadamu pia. Hupenya ganda, kwa hiyo kuosha kunaondoa kilichobaki juu tu. Soma lebo utafute idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kupiga dawa na kuvuna. Kwa mankozebu kwenye nyanya mara nyingi ni siku 7. Kwa mchanganyiko wako, hesabu siku zisizopungua 14 tangu ulipopiga mara ya mwisho, na lebo ikitaja zaidi, ifuate lebo. Zitakazoiva kabla ya siku hizo kutimia, zichume uzifukie. Usiwape kuku.

Sasa tuingie kwenye majani. Nikisoma maelezo yako naona mambo matatu tofauti katika bustani moja, na ndiyo maana hakuna chupa iliyofua dafu. Madoa ya majani ya chini ni jambo moja. Kingo zilizoungua ni jambo la pili. Mashina mawili yaliyokunjamana ni la tatu, na hilo halina uhusiano wowote na mawili ya kwanza.

La kwanza, kwa namna ulivyolieleza, ni bakajani tangulia, ugonjwa unaosababishwa na kuvu aitwaye Alternaria. Umenipa dalili mbili zenye uzito: ulianzia chini, na umekuwa ukipanda polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Kuvu huyu huishi kwenye mabaki ya nyanya yaliyobaki udongoni. Tone la mvua au maji ya mpira likipiga udongo, linaruka na kutua kwenye jani lililo karibu, nalo ni la chini kabisa, lililozeeka, lenye lishe kidogo. Hapo ndipo huanza kila mara. Ukitaka uhakika, chuma jani lenye doa kubwa, lishike kwenye mwanga, uangalie ndani ya doa. Bakajani tangulia huchora miduara, mmoja ndani ya mwingine, na pembeni ya doa jani hugeuka njano. Usipoiona kwenye doa la kwanza, angalia mengine, kwa sababu doa changa bado ni kitone cheusi tu kisicho na miduara.

Jirani yako amesema ni ukungu, na neno hilo hubeba magonjwa mengi. Ukungu ninaotaka uuondoe kwanza kwenye orodha ni bakajani chelewa, kwa sababu huo haukupi wiki, unakupa siku. Ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, na kimelea chake, Phytophthora infestans, kinashambulia nyanya vilevile. Hakianzii lazima chini. Kinaweza kutokea popote kwenye shina, hata juu, kwa mabaka makubwa ya rangi ya kijani kilichofifia yanayoonekana kama yamelowa maji, kisha yanakuwa meusi. Asubuhi na mapema, kukiwa na unyevu, geuza jani: pembezoni mwa baka, upande wa chini, utaona utando mweupe mwembamba. Shina hupata mabaka meusi marefu, na tunda huwa na baka gumu la kahawia lenye mikwaruzo.

Kipo kipimo cha nyumbani kinachofanya kazi vizuri. Chukua jani lenye baka, liweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha karatasi laini kilicholoweshwa kidogo, ufunge, uache usiku kucha ndani ya nyumba mahali pasipo na jua. Utando mweupe ukitokea kando ya baka kwa upande wa chini, ni bakajani chelewa. Baka likibaki kavu, pengine na vumbi jeusi kidogo juu yake, rudi kwenye bakajani tangulia. Lifanye leo jioni kwa majani mawili matatu kutoka mashina tofauti.

Yapo mengine mawili yanayofanana nayo. Madoa yakiwa mengi sana na madogo, ya milimita 2 au 3, yenye kiini cha kijivu na vidoti vyeusi ndani yake, hiyo ni septoria, na matibabu yake hayatofautiani na nitakayokupa hapa chini. Yakiwa madogo, meusi, yenye mng'ao wa mafuta, hayana miduara, na tunda lina vipele vilivyokauka, huo ni ugonjwa wa bakteria. Mankozebu peke yake haitibu bakteria. Kinachosaidia ni dawa ya shaba, nayo husaidia kwa kiasi, pamoja na kuacha kabisa kugusa mimea ikiwa imelowa.

Jambo la pili, kingo za majani ya juu, hilo ni jeraha la dawa yenyewe. Utalitambua hivi: limetokea kwenye karibu mashina yote kwa wakati mmoja, siku moja hadi tatu baada ya kupiga. Limekaa kwenye kingo na ncha ambako maji ya dawa hukusanyika na kukauka. Na halikui: jani lililoungua Jumatatu linabaki na ukubwa uleule wa jeraha Jumatatu inayofuata, wakati doa la ugonjwa huwa linapanuka. Dawa mbili zikichanganywa, zikapigwa kila siku tatu, jani linaelemewa. Majani hayo hayatapona, lakini yasikutie hofu. Yatakayochipua baada ya kuacha yatatoka safi.

Nitalisema wazi hili la duka. Muuzaji aliyekuongezea profenofosi alikupa dawa ya wadudu kwa ugonjwa wa kuvu, na haiwezi kuua kuvu hata ukiipiga kila siku. Ulichopata ni hasara mbili: umekula sumu bila sababu kwa njia ya pua na ngozi, na umeua wadudu wanaokula wadudu wengine bustanini mwako. Mara nyingi baada ya dawa kali za namna hii hufuata mlipuko wa utitiri mwekundu, kwa kuwa maadui wake wamekufa. Kwa hiyo wiki zijazo, ukiona majani yana vitone vidogo vyeupe vyeupe na utando mwembamba kwa chini, usiudhanie kuwa ni ugonjwa mpya wa ukungu. Ni utitiri. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi ya jua ili yakauke haraka.

Na ile dawa ya kwanza? Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Metalaksili imetengenezwa kwa ajili ya jamii ya kimelea cha bakajani chelewa. Kuvu wa bakajani tangulia haimgusi. Kwa hiyo katika unga ule ulionunua, kilichokuwa kinafanya kazi kwako ni mankozebu tu, na mankozebu ni mwavuli: inalinda jani ambalo bado halijaingiliwa. Doa lililokwisha kuingia ndani ya jani haliondoi. Wewe ulikuwa unaangalia majani yenye madoa, unaona hayaponi, unaongeza dawa. Hayawezi kupona. Kipimo cha dawa ya kinga ni majani mapya: chagua shina moja, funga uzi kwenye jani la juu kabisa lililo safi, urudi baada ya siku 10 kuona kama lile na yaliyo juu yake bado ni safi.

Hekima hii ya kukinga kabla ni ya zamani. Katika miaka ya 1880 huko Bordeaux, Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa wakinyunyiza mchanganyiko wa shaba na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia waogope kuiba. Profesa Millardet akagundua kuwa mizabibu hiyo iliyochafuliwa ndiyo iliyobaki na majani, huku ya ndani ikipukutika kwa ugonjwa. Alitangaza matokeo yake mwaka 1885, na mchanganyiko huo bado unauzwa hadi leo. Shaba ile ilikuwa juu ya majani kabla ugonjwa haujafika. Ndiyo siri yake yote.

Lakini mkosaji mkubwa katika bustani yako ni mpira wa jioni. Mbegu za kuvu zinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili ziote na kupenya. Ukimwagilia juu ya majani saa kumi na mbili jioni, mwezi Mei, Arusha, kando ya ukuta unaozuia upepo, majani yanalala na maji hadi jua la saa tatu asubuhi. Umezipa usiku mzima. Zaidi ya hayo mpira unarusha udongo, na kila dawa uliyopiga jana unaiosha leo. Ningekuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja tu kwako, ningebadilisha hicho na kuacha dawa zote.

Basi tufanye hivi. Subiri asubuhi ambayo majani yamekauka kabisa, kwa sababu kushika mimea iliyolowa ni kusambaza ugonjwa kwa vidole. Chukua mkasi na spiriti ya kufutia vidonda. Kata majani yote yenye madoa na yote yanayogusa au kukaribia udongo, hadi urefu wa sentimita 30 hivi kutoka chini, ukifuta mkasi kwa spiriti kila unapohama shina. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani ya shina kwa siku moja. Kama yaliyougua ni mengi kuliko hapo, rudi tena baada ya wiki. Ondoa na machipukizi yanayoota kwenye kwapa za majani, ili upepo upite katikati ya mmea. Majani uliyokata usiyaache pale wala usiyatupe kwenye shimo la mboji la nyumbani, kwa sababu joto lake kwa kawaida halitoshi kuua kuvu. Yachome au yafukie mbali na bustani.

Kisha funika udongo. Tandaza majani makavu, maganda ya mpunga au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu au vinne, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lenyewe. Kazi hii haina gharama na watu huidharau, lakini inakata njia ya kuvu kutoka udongoni hadi kwenye jani. Simika fito na kufunga mashina ili yasilale. Maji yawe asubuhi, yaende chini kwenye shina, kwa kopo au kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo na kuzikwa kichwa chini kando ya mmea. Kama asubuhi huna muda kabisa, mwagilia jioni lakini bila kulowesha jani hata moja. Viroba hukauka haraka kuliko tuta, kwa hiyo vipime kwa kidole, usivipe ratiba moja na tuta.

Ulishe mmea pia. Alternaria hupenda mmea uliochoka, hasa ulio na matunda mengi na upungufu wa naitrojeni. Nyanya za kwenye viroba huishiwa chakula mapema kwa sababu udongo ni kidogo. Samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina, juu yake matandazo, inatosha kwa bustani ya ukubwa wako.

Baada ya hapo ndipo dawa inapata maana. Acha siku 10 zipite tangu mara ya mwisho ulipopiga. Kisha tumia dawa moja tu, yenye mankozebu peke yake au ya shaba, kwa kipimo cha lebo, kila baada ya siku 7 hadi 10 wakati wa mvua. Jua likiwaka wiki nzima, huna sababu ya kupiga. Ukumbuke kuwa ukichagua mankozebu, kila unapopiga zile siku 7 za kusubiri kuvuna zinaanza upya, kwa hiyo chuma zilizoiva kwanza ndipo upige. Mimi, kwa bustani ya nyumbani yenye watoto, huelekea kwenye shaba. Mankozebu haikupewa kibali upya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa wasiwasi wa afya, na kwa mashina 20 sioni haja ya kuing'ang'ania wakati mkasi na matandazo vinafanya nusu ya kazi. Shaba nayo si maji ya kunywa, na ikizidishwa hujikusanya udongoni, kwa hiyo kipimo ni kipimo.

Kipimo hicho usikitoe kwa kifuniko. Lebo nyingi zimeandikwa kwa bomba la lita 20; ukitumia lita 2, gawanya kwa 10 na umwombe muuzaji akupimie gramu hizo kwenye mizani yake. Piga asubuhi kukiwa hakuna upepo, upande wa chini wa majani ukipata dawa sawa na wa juu. Vaa glavu, mikono mirefu, kitambaa au barakoa, na kijiko cha dawa kisirudi jikoni hata kikioshwa mara kumi. Angalia pia utepe wa rangi chini ya lebo: mwekundu na njano ni sumu kali, buluu hupungua, kijani hupungua zaidi. Na kama lebo haionyeshi namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, irudishe.

Maziwa na majivu. Maziwa si porojo, ila yana ugonjwa wake. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji hupunguza ubwiri unga kwenye jamii ya maboga. Ukiwa na maboga au matango yenye unga mweupe juu ya majani, sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji inafaa kujaribiwa. Kwa bakajani la nyanya, kunywa maziwa yako. Majivu hayatibu madoa. Ukiyamwaga kwa wingi yanapandisha chumvi na kubadilisha udongo wa kiroba, na utaanza kuona njano nyingine isiyo ya ugonjwa.

Nimebakiza mashina mawili yaliyokunjamana, na habari yake si nzuri. Angalia majani ya juu kabisa: kama ni madogo, yamekunjamana kuelekea juu, yana kingo za njano, na shina limefupika likawa kichaka, hayo ni virusi vya kujikunja majani, ambavyo wakulima wengi huviita rasta. Vinaletwa na inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa mmea. Hakuna dawa ya virusi kwenye mmea. Tofautisha na majani ya chini yanayojiviringa na kuwa magumu wakati wa jua kali au maji yasiyo na mpangilio. Hayo hubaki ya kijani, na mmea unaendelea kukua na kuzaa. Kwako hayakui, kwa hiyo nayaelekeza kwenye virusi.

Yang'oe. Najua inauma, lakini kila siku yanayobaki ni chanzo cha ugonjwa kwa yale 18. Kwanza yanyunyizie maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, ili inzi weupe wafe hapo hapo badala ya kurukia jirani. Kisha yafunike kwa mfuko, ung'oe, ufukie. Mashina yaliyobaki yapige maji hayo ya sabuni chini ya majani kila baada ya siku 4 au 5 kwa wiki mbili tatu, ukianza na jani moja la kujaribia, kwani baadhi ya sabuni ni kali. Unapong'oa, tazama mizizi: ikiwa na vinundu vinundu, una minyoofundo udongoni, yaani minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, na msimu ujao tafuta aina ya nyanya inayoistahimili kama Tengeru 97.

Juni na Julai zinakuja na baridi na ukungu wa asubuhi, hali ambayo bakajani chelewa huipenda. Kwa miezi hiyo miwili pita bustanini kila asubuhi ya pili ukigeuza majani. Ukiuona ule utando mweupe, hapo ndipo unga wako wa mankozebu na metalaksili unapopata kazi yake halisi. Utumie siku hiyo hiyo, mara moja, urudie kama lebo inavyosema, usiufanye dawa ya kila wiki, maana kimelea huzoea metalaksili upesi. Shina lililoshikwa na ugonjwa zaidi ya nusu usilitibu, ling'oe. Ukiwa na shaka, kuwa Arusha ni bahati: TPHPA wako Ngaramtoni na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, kiko Tengeru. Chukua tawi zima lenye majani mabichi, yenye madoa machanga na makubwa, ulifunge kwenye gazeti, si plastiki, ulifikishe siku hiyo hiyo.

Msimu huu ukiisha, ng'oa kila kitu pamoja na mizizi. Kwenye tuta lile la ukutani usirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu wala hoho kwa miaka miwili. Panda maharage, mahindi, vitunguu. Viroba mwaga udongo wake kwenye migomba au maua, jaza mpya, na uvihamishe upande unaopata jua la asubuhi, shina na shina vikiachana sentimita 60.